Sauti ya Bure, Uso wa Kulipia

Sehemu ya Saba

Mtu anayeisikia sauti yake mwenyewe ikitoka katika simu ya mtu asiyemjua anapaswa kuhisi nini?

Swali hilo, msomaji mpendwa, nimelilalia wiki nzima na jibu sijalipata. Kiitikio naye hakuwa nalo. Mlimwacha, mtakumbuka, katika duka la dobi, pasi ya moto mkononi, shati jeupe likifuka moshi chini yake, na wimbo ukiendelea kutiririka kutoka katika simu ya mwalimu wa hesabu aliyekuja kuchukua suti.

"Dada! Shati!" mwalimu alipiga kelele.

Kiitikio aliinua pasi. Alama ya kahawia ilikuwa imekaa mgongoni mwa shati, pasi nzima na ncha yake. Aliitazama kama mtu anavyotazama ramani ya nchi asiyokusudia kwenda.

"Huo wimbo umeupata wapi?" aliuliza.

"Huu? Si ndio huu wa Zumari! Umo mtandaoni kila kona. Unabonyeza, unaingia kwenye simu. Mke wangu hajawahi kukubaliana nami kwa lolote tangu tuoane, lakini kwa wimbo huu tumepatana."

"Unalipia?"

"Nilipie? Mshahara wangu na vitu vya kununua ni mistari miwili sambamba, dada yangu. Haikutani. Wimbo ni bure."

Mwenye duka alichomoza kichwa kutoka nyuma ya nguo zilizotundikwa. "Kiitikio! Kinachoungua ni nini?"

"Shati."

"La nani?"

"La hakimu."

"La hakimu! Na unaniambia kwa sauti ileile ya kuniambia kwamba sabuni imekwisha?"

"Ndiyo sauti niliyo nayo," alisema Kiitikio.

Kwa wale wanaoingia katika hadithi hii leo, niseme jambo moja, kisha tukimbie.

Kiitikio ni mdogo wake Zumari, naye humwita Dada. Zumari ndiye msanii: anatunga, anaimba, picha yake hubandikwa kwenye kuta. Mdogo wake humpokea kutoka nyuma katika viitikio, na ndiko lilikotoka jina lake. Mchana hupiga pasi. Jioni, onyesho likipatikana, huitikia.

Studio wana desturi yao. Zumari hulitunza koo lake kama yai, kwa hiyo wapiga vyombo wanapokutana ni Kiitikio anayeuimba wimbo mzima kwanza, ili wajue pa kupandia na pa kushukia. Fundi huiita sauti ya mwongozo. Vyombo vikishanaswa, Kiitikio hurudi kwenye pasi yake. Zumari huingia peke yake, huimba wimbo wake, na sauti ya mwongozo hufutwa.

Albamu tatu zimetoka kwa mtindo huo. Kiitikio amefutwa katika kila wimbo, na hakuwahi kulalamika. Nyumba ikishasimama, nani hulilia mbao walizosimamia waashi?

Lakini wimbo huu mpya, ule unaoitwa "Nimekunja Nguo Zako", ulikuwa umetoka na mwongozo wake. Katika ubeti wa tatu, mwimbaji anaposema *kabati nimeliacha wazi, rudi uone nafasi*, neno "rudi" linakatika, na pumzi inavutwa kwa mluzi mwembamba. Zumari havuti pumzi hivyo. Anayevuta hivyo ni Kiitikio, tangu augue mapafu utotoni.

Alivua aproni, akaomba ruhusa.

"Ukitoka hapo usirudi!" alisema mwenye duka. Kisha, alipomwona kweli anatoka, "Rudi kesho mapema! Mashuka ya hoteli hayajinyooshi yenyewe!"

*

Studio ilikuwa juu ya duka la vipuri, chumba kimoja kilichopigiliwa trei za mayai ukutani, na godoro kuukuu mlangoni la kumeza kelele za mtaa. Fundi sauti alikuwa peke yake, vipokea sauti vikimning'inia shingoni kama kola.

"Fundi, umempa Dada faili lisilo lake."

Fundi aliacha kuzungusha kiti. "Nani kakwambia?"

"Mwalimu wa hesabu."

"Tumekwisha. Hao hawakosei."

"Sifanyi mzaha."

"Hata mimi. Keti."

"Nasimama mchana kutwa, nimezoea. Umechanganya mafaili. Wewe mwenyewe huyaandika 'ya mwisho', 'ya mwisho kabisa', 'ya mwisho ndiyo hii'. Umempa lenye sauti ya mwongozo badala ya lile lenye yake. Nimekuja tulirekebishe kabla hajajua."

Fundi alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyompasa. Kisha akageuka, akafungua wimbo kwenye kompyuta.

Kioo kilijaa mistari. Ngoma. Besi. Gitaa la kwanza, gitaa la pili. Kinanda. Chini yake ulikuwapo mstari wenye vilima na mabonde ya kijani, nao Kiitikio aliutambua bila kuusikia: ule ulikuwa yeye. Chini kabisa palikuwa na mstari mwingine, umeandikwa ZUMARI.

Ulikuwa mtupu kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Umeufuta?"

"Huwezi kufuta kisichokuwapo."

Msomaji, rudia hapo kama ulipapita haraka. Hapakuwa na faili lililokosewa. Hapakuwa na faili la pili kabisa.

"Aliingia chumbani humo kama kawaida," alisema fundi. "Akavaa vipokea sauti, nikampa vyombo. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kilichotoka..." Alitazama viatu vyake. "Nilizima kurekodi kabla hajaniambia nizime. Mtu unamheshimu."

"Na mtandaoni aliupeleka nani?"

"Yeye. Akiwa amekaa kwenye kiti hicho ulichokikataa."

"Kwa nini bure? Albamu zote tumezipitisha kule wanakolipa, hata kama kinachorudi ni makombo."

"Kule kwenye makombo wanauliza, Kiitikio. Nani katunga? Nani kaimba? Nani kapiga gitaa? Jaza jina, weka sahihi. Mahali pa bure hapaulizwi kitu. Unarusha wimbo, unafunga mlango. Pesa ndiyo yenye umbea."

Kiitikio alisubiri hasira ije. Haikuja. Alikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno: anajua jino linang'oka, mlio wake anausikia, lakini maumivu ni ya mtu mwingine aliyekaa kiti cha jirani.

"Unajua umesikilizwa na watu wangapi?" fundi aliuliza, na kwa mara ya kwanza macho yake yalikuwa na furaha ndogo.

"Sitaki kujua."

"Basi ni wewe peke yako mjini usiyetaka. Nikwambie jambo jingine?"

"Sema."

"Mwandaaji wa matamasha, yule mkubwa, alinipigia mchana kuniuliza njia ya kwenu. Kwa saa hii ameshafika."

*

Viatu vilikuwa mlangoni, vyeusi, vinang'aa kiasi cha kukuonesha pua yako. Kiitikio alipiga hodi katika nyumba yake mwenyewe, sijui kwa nini.

"Huyo hapo!" Mama alisema kutoka sebuleni. "Pita umsalimie mgeni. Lakini mkono usimpe, unanuka moto."

Mwandaaji alikuwa mwanamume wa makamo, sauti laini, mtu anayezungumza kana kwamba chumba cha pili kuna mtoto amelala. Mbele yake, mezani, palikuwa na mkataba. Zumari alikaa ukingoni mwa kochi, kitambaa kizito kimezungushwa shingoni, ingawa joto lilikuwa la kukausha samaki.

"Dada yako anapumzisha koo," Mama alieleza kwa fahari. "Mgeni wetu ameleta neema. Ukumbi mkubwa kwanza, halafu miji minane! Nami nilisema. Wimbo ule nilipousikia tu, nikasema, mwanangu Zumari hapa ameimba na roho."

Kiitikio alimtazama dada yake. Zumari alitazama zulia.

"Dada, naomba tuonane jikoni."

"Na mgeni?" Mama alishangaa.

"Waache, mama," alisema mwandaaji. "Damu na damu hazikosi la kunong'onezana."

Jikoni Zumari alifunga mlango kwa mgongo wake. Alipofungua kinywa, sauti ilitoka kama msasa juu ya ubao.

"Umetoka kwa fundi."

"Ndiyo."

"Basi umeona."

"Nimeona mstari. Tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita. Daktari anasema ni vinundu kwenye nyuzi za sauti. Vinakatwa. Baada ya hapo ninyamaze, nisiseme hata asante, mpaka aniruhusu. Nisipokatwa, nitabaki hivi unavyonisikia."

"Mama anajua?"

"Mama anajua napumzisha koo."

"Ungeniambia mimi."

"Nikwambie nini, mdogo wangu? Kwamba nyumba hii inakula koo langu, na koo limekwisha? Nilitaka wimbo mmoja tu unitoe. Watu waupende, nipate maonyesho, nijitibu. Nilipanga kwamba nikipona nitauimba upya, na ule wa kwanza utasahaulika."

"Kama kawaida."

Zumari aliguswa na hilo, ikaonekana. "Maneno ni yangu, Kiitikio. Ubeti kwa ubeti, nimeyalilia. Usinitazame kama mwizi aliyepita dirishani."

"Sikutazami hivyo. Sikutazami kwa namna yoyote."

"Basi kasirika! Nitukane! Vunja sahani!"

"Sahani ni za Mama."

Zumari aliangua kicheko kisicho na sauti, mabega yakimtikisika, mpaka kikageuka kikawa kitu kingine. Kiitikio alimsogelea, akamrekebishia kitambaa shingoni kwa mikono ileile inayokunja nguo za watu. Huruma alijua iko mahali fulani, kama unavyojua miwani iko chumbani. Hakuwa na nguvu ya kuitafuta.

"Ungeandika jina langu chini yake," alisema. "Hata kwa herufi ndogo."

"Jina lako halijazi ukumbi," Zumari alinong'ona. Hakulisema kwa dharau. Alilisema kama anayesoma bei dukani.

"Na huyo mgeni anajua?"

"Hajui kitu. Nitamwambia nini? Ndiyo maana nimekaa kimya tangu afike."

*

Waliporudi sebuleni, Kiitikio alikuwa ameshapanga la kusema. Hakupewa nafasi.

"Kabla hujaanza kunificha, binti yangu," mwandaaji alisema kwa upole, "nikupunguzie kazi. Nimeanza shughuli hii enzi za kanda. Pumzi za waimbaji nazijua kama mchunga anavyojua kengele za mbuzi wake. Dada yako nimemsikia jukwaani zaidi ya mara moja. Pumzi ile kwenye wimbo si yake. Na ulipopiga hodi pale mlangoni, ukivuta pumzi kwa mluzi uleule, nikaifahamu ni ya nani."

Zumari alifumba macho.

"Pumzi gani?" Mama aliuliza. "Mnazungumza nini?"

"Aliyeimba ni huyu mdogo, mama," alisema mwandaaji.

Mama alicheka. Alicheka peke yake, akawatazama mmoja mmoja, kisha akaacha.

"Naupiga wimbo ule kila asubuhi," alisema polepole. "Napika nao. Nafagia nao."

"Najua, Mama," alisema Kiitikio.

"Na sikukujua."

"Najua, Mama."

"Nimekuzaa mwenyewe, na sikukujua."

Mwandaaji aliinamisha kichwa kwa adabu, kama mtu anayepisha jeneza barabarani. Kisha akauvuta mkataba karibu yake.

"Mimi sikuja kumwaibisha mtu. Nimekuja na dawa. Jukwaani tunaweka pazia jeupe, taa za buluu. Zumari mbele, amependeza. Wewe nyuma ya pazia, na kipaza sauti. Yeye anafungua kinywa, wewe unaimba. Watu wanafurahi, wanakwenda kwao."

"Kwa nini nisiimbe mbele?"

"Kwa sababu wimbo wanao, binti yangu! Wanao mfukoni, wameupata bure, wanalala nao. Nani atanunua tiketi ili asikie kitu kilichomo mfukoni mwake? Wanalipa ili wamwone mtu, na mtu wanayemjua ni huyu. Sauti siku hizi ni maji ya mvua, inamdondokea kila mtu. Mimi nauza ndoo."

"Kwa hiyo mimi ni mvua."

"Wewe ni mvua nzuri sana," alisema mwandaaji, naye alimaanisha kumsifu.

"Nikikataa?"

"Nafunga mkoba, nakwenda zangu, na tunabaki marafiki. Malipo ya awali huwa nayatoa mkataba ukisainiwa, siyo kabla." Aliangalia kitambaa cha Zumari kwa macho ya mtu ambaye hakuna asilolijua. "Wapo wanaoyahitaji mapema. Wapasuaji nao hawafanyi kazi bure."

"Wapasuaji?" Mama alisimama. "Nani anapasuliwa?"

"Mama..." Zumari alisema.

Ni neno moja tu, lakini lilitoka lote, bila kunong'onezwa, na Mama akalisikia lilivyo. Mkwaruzo ule ulibaki chumbani baada ya neno kwisha. Mama alikaa tena, taratibu, akishika mkono wa kochi kwanza, kama kochi lenyewe lingeweza kumkimbia.

"Zungumza nami vizuri, mwanangu," alisema.

Zumari alitikisa kichwa. Hivyo ndivyo vizuri vyake sasa.

Mama akamgeukia mdogo. Macho yake yalisema kila kitu ambacho mama wa watoto wawili anaweza kusema: huyu anaumwa, wewe mzima. Mwandaaji alikuwa ameshatoa kalamu, akifungua na kufunga kifuniko chake. Zumari hakumwangalia mdogo wake hata kidogo, na pengine huko ndiko kuomba kulikokuwa kukubwa kuliko kote.

Kiitikio alijipekua. Alitafuta uchungu wa miaka yote ya kufutwa, akakuta sakafu iliyofagiwa. Alitafuta fahari ya kupendwa na watu asiowajua, nayo hakuikuta. Kitu kimoja tu kilikuwapo, kidogo, kikavu, kisicho na joto wala baridi: alijua lipi ni kweli na lipi si kweli. Aliona kwamba mtu anaweza kutembelea hicho peke yake, kama anavyotembelea mguu uliokufa ganzi. Unakanyaga tu, ingawa huusikii.

"Nitaimba nyuma ya pazia," alisema.

Mama alishusha pumzi. Mwandaaji alitabasamu, akaelekeza kalamu kwenye karatasi.

"Sijamaliza."

Kalamu ilisimama hewani.

"Malipo ya awali utayatoa leo, na Dada ataanza matibabu kabla ya onyesho, kwa kuwa jukwaani hahitaji sauti. Nitauimba wimbo wote, kama ulivyo kwenye simu zao, sitaharibu hata neno moja. Dada atafungua kinywa, na watu watapata kile walicholipia."

"Vizuri," mwandaaji alisema kwa tahadhari. "Vizuri sana. Halafu?"

Zumari aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Halafu neno la mwisho likishatoka, nitalishusha pazia kwa mkono wangu mwenyewe," alisema Kiitikio, kwa sauti ileile aliyotumia kumwambia mwenye duka kwamba shati limeungua. "Taa zikiwaka. Nitasimama hapo, nitasema jina langu na jina la aliyetunga, na sitaondoka mpaka mtu wa safu ya nyuma kabisa aone ni nani aliyekuwa akiimba. Nawaambia sasa, ninyi watatu, asije mtu akasema nilimvizia. Anayeona hawezi kutia sahihi baada ya kusikia hayo, asitie."